Fyuzi Hailindi Mwili: Mashine za Umeme za Mkononi na Kinga Zake

Anayenunua drili, grenda au msumeno wa umeme kwa kazi za nyumbani hupata mashine yenye kinga nyingi kuliko anavyodhani. Kuna kava ya chuma, swichi yenye kifungio, plagi yenye fyuzi, na huko ukutani kuna sakiti breka. Shida ni kwamba kila kinga imeundwa kuzuia jambo moja tu. Fyuzi huzuia waya usiungue. Kava huzuia vipande vya diski visikufikie. Miwani huzuia cheche na chembe, lakini diski ikipasuka haitoshi. Mtu huumia anapotegemea kinga ya jambo hili imkinge na lile, au anapoiondoa kwa kuwa inamsumbua, asijue ilikuwa imesimama mbele ya nini.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya zaidi.

Fyuzi, ethi na umeme unaovuja

Umeme wa miliampea 10 hadi 20 ukipita mkononi hukaza misuli kiasi kwamba aliyeshika hawezi kuachia. Ukipita kifuani kwa kiasi cha miliampea 50 hadi 100, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya mpangilio ukabaki kutetemeka tu, na damu haisukumwi tena. Sasa itazame fyuzi ya plagi: imeandikwa ampea 13, yaani miliampea 13,000. Umeme wa kuua mtu ni mdogo mno kiasi kwamba fyuzi hiyo haitikisiki. Sakiti breka ya ampea 16 au 20 nayo ni vivyo hivyo. Kazi yao ni kukata umeme waya unapobebeshwa mzigo kupita uwezo wake, au waya wa moto (unaoleta umeme) unapogusana na nyutro (waya unaourudisha), ili nyumba isishike moto. Hapo wanafanya kazi nzuri sana. Mwili wako haumo katika hesabu yao.

Ethi ni kinga ya aina nyingine. Mashine yenye bodi ya chuma huunganishwa na waya wa tatu unaokwenda ardhini. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bodi, umeme hupita kwa wingi kwenye ethi, na wingi huo ndio unaokata fyuzi. Kwa hiyo anayeng'oa pini ya ethi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili ameacha bodi ya chuma ikisubiri mkono wake uwe ndiyo njia ya kwenda ardhini.

Lakini si kila mashine inahitaji ethi. Drili na grenda nyingi za siku hizi zina nyaya mbili tu ndani ya kamba, na kwenye kibandiko chake kuna alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake mashine ina tabaka mbili za kuzuia umeme, moja ikifa nyingine inabaki. Huo si upungufu, wala usijaribu kuiongezea ethi. Kinachoshinda tabaka hizo ni maji na vumbi la chuma. Grenda huvuta hewa ya kupoza mota kupitia matundu ya nyuma, na ukikata chuma kwa saa nyingi huvuta unga wa chuma pamoja na hewa hiyo. Unga ukijaa ndani, umeme hupata daraja la kutoka kwenye mota hadi nje. Chomoa plagi, vaa miwani, kisha puliza matundu hayo kwa hewa kavu kila baada ya kazi nzito ya chuma.

Kinga inayomjali mtu moja kwa moja ni ile yenye herufi RCD. Hupima umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Viwili hivyo vikitofautiana, kuna umeme unaovuja njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mtu. Ya kulinda watu huandikwa 30 mA, yaani miliampea 30, na kwa mvujo wa kiasi hicho inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Mvujo ukiwa mkubwa zaidi hukata haraka zaidi. Kama ubao wa umeme wa nyumba hauna, zipo za kuchomeka kwenye soketi, na kwa maoni yetu hiyo inunuliwe kabla ya diski ya kwanza. Bonyeza kitufe chake chenye herufi T kila unapoanza kazi, isipokata, usiitumie.

Hata hivyo nayo ina mipaka. Haipunguzi ukali wa pigo, hupunguza muda wake tu. Na ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umeme unaokwenda na unaorudi ni sawa, kwa hiyo RCD haioni kosa lolote. Ndiyo sababu waya uliochubuka haufungwi kwa gundi ya utepe ukaendelea kutumika. Mahali unapochubuka mara nyingi ni pale unapoingia kwenye mashine, chini ya ile shingo ya mpira, kwa sababu hapo hukunjwa kila siku. Ufupishe, ukate sehemu mbovu na kuunga upya ndani ya mashine, au uubadilishe wote.

Ekstensheni inayopata moto

Waya mrefu na mwembamba una ukinzani, yaani huupinga umeme unaopita ndani yake. Ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya za shaba za milimita 0.75 za mraba ina takriban omu 2.3, ukihesabu kwenda na kurudi. Grenda kubwa inayovuta ampea 10 hupoteza humo volti 23, na wati 230 hivi hugeuka joto ndani ya waya. Mota nayo, kwa kupata volti pungufu, hukosa nguvu, hukwama kirahisi na kupata moto. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba usiozidi mita 25: hasara inashuka hadi volti 6 hivi.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ina mtego wake. Soma kibandiko na utaona namba mbili, moja ya waya ukiwa umekunjuliwa wote na nyingine ukiwa umezungushwa. Tofauti ni kubwa, mara nyingi kama wati 3,000 dhidi ya 1,000. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Mzunguko wa ndani huchemshwa na wa nje, hadi plastiki inayeyuka na nyaya zinagusana. Kunjua wote hata kama soketi iko hatua tatu tu kutoka ulipo. Wala usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni.

Grenda

Mashine hii tunaipa nafasi kubwa kwa makusudi. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 240 kwa saa, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako.

Diski ya kukatia ni chembe za kusaga zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu na nyavu za nyuzi, na kila moja imeandikwa mwendo wake wa juu. Ya milimita 115 huwa 13,300 kwa dakika, ya 125 huwa 12,200, na ya 230 huwa 6,600. Zote tatu zinatokana na kikomo kilekile cha mita 80 kwa sekunde ukingoni. Namba ya diski lazima iwe sawa au zaidi ya namba iliyo kwenye mashine.

Hapo ndipo lilipo kosa baya kuliko yote: kuondoa kava ya grenda ndogo ili kuifunga diski kubwa. Diski ya milimita 230 kwenye mashine ya mizunguko 11,000 ingekwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde ukingoni. Nguvu inayoivuta diski ipasuke huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo diski inabeba karibu mara 2.7 ya mvuto inaoupata kwenye kikomo chake. Ikipasuka, kava iliyotengenezwa kuzuia vipande haipo, kwa kuwa uliiondoa mwenyewe ili diski itoshe. Hata diski kubwa iliyolika hadi ikawa ndogo isihamishiwe kwenye grenda ndogo. Imeundwa kwa mizunguko 6,600 na haibadiliki kwa kulika.

Angalia pia tarehe. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski huchapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka 3 tangu ilipotengenezwa. Gundi hiyo huzeeka na kudhurika kwa unyevu, na macho hayaoni. Diski iliyoangushwa sakafuni, yenye nyufa au iliyolowa maji, ivunje kabisa kisha uitupe, ili asiiokote mwingine.

Diski ya kukatia, yenye unene wa milimita 1 hadi 3, hukata kwa ukingo tu. Ukiigeuza ubavu ili kusawazisha weldi, unaipinda, nayo haikuumbwa kupindwa. Ya kusagia ina unene wa milimita 6 hivi, nayo hulazwa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Na usifunge kwenye grenda diski ya meno ya msumeno kwa ajili ya mbao: meno hayo hung'ata mbao ghafla, na grenda haina kava inayojifunga wala kitako cha kuishikilia kwenye mstari.

Kufunga diski mpya: chomoa plagi kwanza, kwani kuzima swichi tu hakutoshi. Futa vumbi kwenye sahani mbili za kubana, weka diski ikae sawa, kaza nati kwa spana yake bila kulazimisha. Zungusha kwa mkono uone kama inagusa kava. Kisha elekeza mashine mbali na watu, iwashe na uiache izunguke bure kwa nusu dakika hadi dakika moja. Diski yenye kasoro mara nyingi hujitoa hapo.

Teke ni neno linalofaa kwa kile grenda inachofanya diski inapobanwa. Mota bado inasukuma, diski haizunguki, basi nguvu yote inairusha mashine yenyewe. Sababu kuu ni jinsi kitu kinavyoshikiliwa. Bomba lililolazwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, likikatwa katikati hulegea na kuzama. Mdomo wa mkato hujifunga juu na kuing'ata diski. Libane kwenye jiliwa karibu na mstari wa kukata, na upande unaodondoka uachwe huru. Uzito wake utaufungua mkato badala ya kuufunga. Kanuni hii hii ndiyo ya msumeno wa mbao.

Shika kwa mikono miwili, na mkono wa pili uwe kwenye mpini wa ubavuni, ambao watu wengi huuacha kwenye boksi. Kava iwe kati ya diski na mwili. Simama kando ya mstari wa diski, usisimame ndani yake. Ukimaliza, subiri diski isimame kabla ya kuiweka mashine chini. Huchukua sekunde kadhaa, na grenda iliyowekwa ikiwa bado inazunguka hutembea yenyewe.

Cheche zake ni chembe za chuma zinazowaka, na huruka mita kadhaa. Zikiangukia unga wa mbao au kitambaa chenye mafuta, moto unaweza kujificha na kuibuka umeshaondoka. Ondoa vitu hivyo kabla ya kuanza, weka maji au mtungi wa kuzimia moto karibu, na urudi kukagua baada ya nusu saa.

Msumeno wa duara na drili

Kwenye msumeno wa duara wa mkononi, meno ya mbele hupanda juu kutoka chini ya ubao. Ndiyo maana msumeno ukibanwa hurudi kwako na kuruka juu. Rekebisha kina ili jino litokeze chini ya ubao kwa milimita 5 hivi tu. Meno yanayotokeza kidogo yana nafasi ndogo ya kubanwa, na mkono uliosahauliwa chini ya ubao una nafasi ya kunusurika, ingawa haukutakiwa kuwa huko. Kava ya chini inayojirudisha kwa springi ijaribiwe kabla ya kuchomeka plagi: ivute, iachie, isikike ikigonga. Ikisuasua, isafishe utomvu na unga. Kuifunga kwa waya ibaki wazi ni kuugeuza msumeno kuwa kisu kinachozunguka mkononi, kikigusa paja kila unapoushusha. Na usiurudishe msumeno nyuma ndani ya mkato ukiwa unazunguka. Achia swichi, msumeno usimame, ndipo uutoe.

Drili inaonekana mpole. Hatari yake ni msokoto. Biti ikikwama kwenye bati au kwenye nondo ndani ya zege, kinachozunguka ni ama kitu kinachotobolewa au kifundo cha mkono wako. Kipande cha bati kilichoshikwa kwa vidole huwa panga linalozunguka mara mamia kwa dakika. Kibane kwa klampu hata kama tundu ni moja. Kwenye chuma, mwendo mkubwa huua biti na kukufanya usukume kwa nguvu zaidi, na kusukuma ndiko kunakokwamisha. Kwa chuma laini na biti ya kawaida ya chuma, biti ya milimita 10 itosheke na mizunguko 800 kwa dakika, ya milimita 6 na 1,300 hivi, ya milimita 3 na 2,600 hivi. Punguza msukumo biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Hapo ndipo hung'ata.

Glavu zinahitaji ufafanuzi, kwa sababu ushauri wa kuzivaa wakati wote ni mbaya. Kwenye grenda, glavu za ngozi zinazobana vizuri hulinda dhidi ya cheche na kingo kali. Kwenye drili, uzi mmoja wa glavu ukinaswa na biti huvuta glavu, na glavu huvuta kidole. Mkono ulio karibu na biti inayozunguka usiwe na glavu, pete, wala mkono mrefu wa shati uliolegea. Nywele ndefu zifungwe.

Kabla ya kutoboa ukuta, tazama soketi na swichi. Kwa kawaida nyaya hupanda, hushuka au hukatiza kwa mstari ulionyooka kutoka hapo, kwa hiyo epuka mistari hiyo yote, na zima sakiti ya chumba hicho. Shika drili kwenye sehemu za plastiki tu. Biti ikigusa waya wa moto, sehemu ya chuma ya mbele ya mashine hupata umeme, na tabaka mbili tulizozitaja hazizuii umeme unaoingilia kwenye biti.

Umeme ukikatika, na mashine za betri

Swichi nyingi za grenda na drili hujifunga zikiwa zimewashwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu huweka mashine chini na kuondoka. Umeme ukirudi, mashine huanza kuzunguka yenyewe mezani. Mara umeme unapokatika, zima swichi na uchomoe plagi. Unaponunua, tafuta mashine yenye kinga ya kutojiwasha umeme unaporudi.

Mashine za betri huondoa hatari ya waya, lakini huleta nyingine: ziko tayari kuzunguka wakati wowote. Toa betri kabla ya kubadili biti au diski, kama ambavyo ungechomoa plagi. Betri ya volti 18 ina seli za lithiamu zilizopangwa tano tano, na ncha zake zikigusana na misumari ndani ya begi, seli hizo hutoa umeme mwingi wa kutosha kuwasha moto. Ichaji juu ya sakafu au meza isiyoungua, kwa chaja yake, ukiwa macho. Iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu kali isichajiwe tena.

Macho, mapafu, masikio

Kwa grenda vaa miwani inayofunika pembeni, na juu yake ngao ya uso. Ngao peke yake huacha nafasi chini, na chembe hudunda kutoka kifuani na kuingia.

Vumbi la zege, vigae na matofali lina silika, na chembe zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana, zinazofika mwisho wa mapafu na kubaki humo. Vumbi la silika na vumbi la mbao yote yameorodheshwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo. Vaa barakoa ya FFP2 au N95 iliyobana usoni, fanya kazi nje, na ufagie baada ya kulowesha sakafu. Usimwagie maji grenda ya kawaida ili kupunguza vumbi. Ukataji wa maji una mashine zake. Mabati ya zamani ya asbesto hayakatwi kabisa.

Kuhusu kelele, kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Grenda ikikata chuma hufika desibeli 100 kwa urahisi, na hapo muda wako ni dakika 15 kwa siku bila vizibo vya masikio. Usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi.

Ikitokea

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Kata umeme kwenye ubao au chomoa plagi. Ikishindikana, msukume atengane na mashine kwa kijiti kikavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui kawaida, ita msaada na uanze kubonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali hata hivyo; moyo unaweza kuyumba baadaye, na kiungo cha ndani kilichoungua hakionekani kwenye ngozi.

Jeraha linalotoka damu kwa wingi libonyezwe moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuinua kila mara kuchungulia. Kilichochoma na kubaki jichoni kisitolewe wala kusuguliwa. Funika macho yote mawili bila kubana, kwa sababu jicho lisilo na jeraha likizunguka, lenye jeraha hulifuata.

Na mashine iliyohusika, kama ilipiga shoti au swichi yake iligoma kuzima, isirudishwe kabatini na maelezo ya mdomo. Ichomoe, kisha funga kikaratasi kwenye plagi kinachosema ina kasoro gani, hadi itakapofunguliwa na fundi.